Saa 03:00 ya Nani?

Siku hizi tiketi ya basi la Dar inaingia kwenye simu. Ya shangazi na mwanawe ilisema: kupandia Himo njia panda, Jumatatu, 03:00. Nyumba nzima tukakaa kikao.

Shangazi akasema tatu ni tatu: saa tatu asubuhi, baada ya chai. Binamu, aliyepitia chuo, akacheka. "Mama, hiyo ni saa tisa usiku!" Hakuna aliyekubali kushindwa. Usiku wa manane binamu alikuwa njia panda, yeye, mbwa wawili na malori ya mahindi yanayosubiri kwenda Holili. Saa tatu kamili shangazi naye akawasili, kitenge kipya na mkungu wa ndizi. Basi lilikuwa limepita saa kumi na mbili asubuhi. Binamu halikumkuta macho. Alilala fofofo nyuma ya kibanda cha chipsi.

Hesabu inajieleza. Kompyuta zinazotunza safari hupenda UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Saa 03:00 ya huko ndiyo alfajiri yetu ya Himo, na kutunza hivyo ni busara kabisa. Shida huanza njiani. Hifadhidata ina namna mbili za kuandika wakati. Moja inajua ukanda wa saa: PostgreSQL, kwa mfano, hugeuza kila kinachoingia kuwa UTC, kisha humwonyesha kila msomaji saa za kwake. Nyingine hushika tarakimu tupu, 03:00 ya popote duniani, mradi 03:00. Kati ya kompyuta na simu ya shangazi, ukanda ulidondoka kama kuku aliyefungwa vibaya juu ya basi.

Na sisi wenye kuhesabu saa tangu jua lichomoze tunawapa mafundi kazi ya ziada. Saa ya ukutani kwa shangazi husoma sawasawa na ya Buenos Aires, iliyo nyuma yetu kwa saa 6. Simu yake ikiwekewa ukanda wa Argentina, ataelewana nayo, ila tarehe zitamkoroga.

Basi ninyi waandika programu za tiketi, tunzeni UTC yenu. Ila kabla ujumbe haujatoka, ugeuzeni uwe wa Afrika Mashariki na muandike "saa 12 asubuhi". Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, na "asubuhi" inakula saba tu.