Nyota Zilizonenepa

Nyota humetameta kwa sababu ya hewa. Mwanga uliosafiri mamia ya miaka bila bughudha hukutana, kilomita chache tu kabla ya kutua, na matabaka ya joto na baridi yanayochanganyika, na kila tabaka huupinda kidogo upande wake. Mshairi hufurahi. Mpiga picha wa nebula, anayeiacha kamera wazi dakika tano kwa picha moja, hupata mitikisiko yote imerundikana pamoja: nyota iliyopaswa kuwa ncha ya sindano hutoka kama andazi.

Unene huo hupimwa kwa sekunde za tao. Mwezi mpevu una upana wa takriban sekunde 1,800. Kileleni Mauna Kea, Hawaii, usiku mzuri nyota huwa na nusu sekunde hivi; uani kwa mtu, 3 au 4 si ajabu. Newton aliandika katika Opticks, mwaka 1704, kwamba dawa ni hewa tulivu, ambayo huenda ikapatikana juu ya milima mirefu. Hakusema darubini itabebwa na nani.

Asiyejua kucheza husingizia uwanja, lakini hapa uwanja ni mbovu kweli, na anayesingiziwa ni skrubu ya fokasi. Nyota zikivimba, mpiga picha huigeuza. Hewa ikatulia kidogo, akajipongeza. Ikachafuka tena, akairudia. Kufikia saa nane usiku fokasi huwa imeharibika kwelikweli. Kamera ndogo ya kuongozea darubini nayo, ikiamriwa kupiga kila nusu sekunde, hukimbiza kila mtikisiko kama paka anayefukuza kivuli. Ikipewa sekunde 3 au 4, mitikisiko hujisawazisha.

Mengine ni ya kujitakia. Bati na saruji huendelea kutema joto la mchana hadi usiku, kioo kilichotoka ndani ya nyumba huhitaji muda mrefu kupoa, na mgeni mwenye kikombe cha chai daima husimama mbele ya darubini.

Anga lenyewe hudanganya. Usiku uliosafishwa na upepo, nyota zikimeremeta, mara nyingi ndio mbaya; ule wenye utusitusi, hewa yake huenda imelala. Basi hewa ikitulia hupigwa picha zisizo na chujio la rangi, zinazobeba undani. Ikichafuka hupigwa za rangi, au za mwanga mwekundu wa hidrojeni, usiosumbuliwa sana kama wa buluu. Tena hungojwa shabaha ipande: kwenye digrii 30 juu ya upeo wa macho mwanga hupenya hewa maradufu ya ile ya utosini. Dar es Salaam, Nebula ya Orion hupita karibu utosini kabisa, na hapo ndipo kamera hugonga mguu wa stendi.

Asubuhi programu hupima unene wa nyota, picha kwa picha, na nene hutupwa. Zilizo kali kuliko zote mara nyingi ni za saa kumi alfajiri, mwenyewe alipokuwa amesinzia kitini, mbali na skrubu.