Bwana Harusi Ananyonyoka

Koti la yule mzee lilikuwa jeusi tititi, na hilo ndilo lililoniponza. Lingekuwa la kijivu, au hata la rangi ya maziwa, tungevuka feri ya Likoni kwa amani na kila mtu akashika njia yake. Lakini mzee alivaa koti jeusi juu ya kanzu, nyuma yake wanawake wamejaa mabuibui na manukato, wote wanakwenda nikahini kisiwani. Mimi nilikuwa nimesimama upande unakotoka upepo, na miguuni pangu kuna tenga la kuku lenye sungura mweupe.

Tenga husukwa kwa matundu ili kuku apate hewa. Jumamosi hiyo kusi iliingia tengani upande mmoja, ikatoka upande wa pili na mzigo.

Mwanzo ulikuwa unyoya mmoja mmoja. Mzee alipangusa bega, akapangusa tena. Manyoya ya sungura hayapanguswi. Ukiyasugua ndiyo yanazidi kujichimbia. Tulipofika katikati ya mkondo tenga lilikuwa linatoa manyoya kama msufi uliopasuka. Mama mmoja akapiga chafya, mwenzake akaitikia. Buibui jeusi likawa la madoadoa. Nami nikaanza kujipangusa kwa hasira huku nikitazama juu, nikitumaini watu wataishuku mbingu.

Hapo mwanangu akapaza sauti: "Mama! Bwana Harusi ananyonyoka!"

Bwana Harusi ni jina la sungura. Alimpa yeye mwenyewe, siku mnyama alipoletwa nyumbani mweupe pe, ametulia, hana la kusema. Lakini ule msafara haukuwa na habari hiyo. Vichwa vyote viligeuka kwa mpigo kumtazama bwana harusi wao, kijana wa watu aliyevaa joho na kilemba, naye maskini akajishika ndevu.

"Mwanangu, humo tengani mna nini?" mzee akaniuliza.

"Sungura, mzee."

"Mnampeleka kuchinjwa?"

"Hapana, mzee. Kutibiwa."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuonyeshwa hata matangani. Kijana wa mkokoteni, ambaye hakuna aliyemwuliza, akaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka Mtongwe: "Mama, manyoya ushatoa, bado nazi tu!" Feri nzima ikacheka. Aliyecheka zaidi ni bwana harusi, na simlaumu.

Sasa, kunyonyoka si ugonjwa. Sungura hubadilisha manyoya kwa majira, na kazi hiyo ina utaratibu ambao ningependa mafundi wa mtaani kwetu wauige: huanzia kichwani, hushuka shingoni, hupita mgongoni na mbavuni, humalizia matakoni. Ukimtazama vizuri utaona mpaka kabisa, huku nguo mpya, huku ya zamani. Anayeamrisha yote haya ni mwanga. Ndani ya ubongo mna tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo melatonini wakati wa giza. Usiku ukirefuka homoni hutoka kwa muda mrefu zaidi, ukifupika hupungua, na mwili ukapata habari: baridi inakuja, vaa koti, joto linakuja, vua.

Utaratibu mzuri, ila uliandikwa kwingine. Sungura wote wa kufugwa duniani wametokana na sungura-mwitu wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. (Yule wa hadithi zetu, anayemcheza shere fisi, ni wa porini, binamu wa mbali, na akili zote alibaki nazo yeye.) Wangu ni wa aina iitwayo New Zealand White, ambayo ilizalishwa Marekani, kwa hiyo kuchanganyikiwa ni jambo la ukoo. Kule Ulaya mwanga husema kweli. London mchana wa Juni hupita saa 16, wa Desemba haufiki saa 8. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta: tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote haifiki nusu saa. Mnyama anakaa kizimbani Likoni akisubiri jua limpe habari, na jua halina habari. Basi wangu hunyonyoka akijisikia. Alianza kaskazi, akapumzika, akakumbuka tena kusi.

Hatari iko tumboni. Sungura hujilamba mchana kutwa, na kila akijilamba humeza manyoya. Paka akimeza atatapika. Sungura hawezi: msuli wa mlango wa tumbo lake hukaza hata kisirudi kitu. Kilichoingia sharti kipite, na kinachokisukuma ni nyasi kavu, nyuzinyuzi nyingi, na maji. Utumbo ukilegea, naye akagoma kula kwa nusu siku, hiyo ni dharura, anaweza kufa. Bwana Harusi alikuwa hajagusa hata mchicha tangu Ijumaa jioni. Ndiyo sababu ya tenga na feri.

Duka la dawa za mifugo nilipata. Muuzaji aliniuliza nina sungura wangapi. Nikasema mmoja. Akaniuliza ana kilo ngapi. Nikafurahi, nikajua anapima dozi. Kumbe alikuwa anapima nyama. "Huyu mle tu, dada, kabla hajakonda."

Hapa sicheki. Kuku hata kabla hajaugua utauziwa chanjo ya kideri. Ng'ombe ana daktari, mbuzi ana daktari, mbwa wa kizungu wa Nyali daktari humfuata nyumbani na gari. Sungura akiugua unapewa mapishi. Asiyetaga, asiyekamwa wala kubweka hahesabiwi kuwa na maumivu, na mtoto anayelia pembeni ya tenga lake hahesabiwi kuwa na mgonjwa. Nilimwona mwanangu akisikia neno "mle". Nyasi kavu zenyewe hutoka bara kwa lori, na beli moja ikifika huku bei yake imekwisha kula nauli. Za bure zilizo kando ya barabara ya Likoni zina wenyewe, yaani mbuzi, nao hawagawi.

Tulirudi na beli kichwani. Jumapili alfajiri Bwana Harusi alikula, na mchana akatoa kinyesi, vidonge vimeungana kwa unyoya mithili ya tasbihi. Tulishangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Ya feni sielezi: aliiwasha mgeni, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kumchana sungura. Na shemeji alikuta unyoya ndani ya kitumbua, akanyamaza, akakila chote, tangu siku hiyo hajaja.

Leo mpaka umefika kiunoni. Nguo mpya inang'aa, ya zamani inakwenda, na chanuo langu la nywele si langu tena. Jirani, yuleyule wa ukuta, amekuja na chupa tupu. Amesikia kwamba mkojo wa sungura ni mbolea ya mboga, jambo ambalo wakulima wa bara wanalijua, naye sukuma wiki zake zimedumaa. Anataka wa bure, ati kwa ujirani.

Nimemwambia shilingi hamsini, na achukue na manyoya.