Kivutio Kikuu ni Tabasamu

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti 47 za Kenya jukumu la utalii wa mashinani. Narok tayari walikuwa na Maasai Mara, Lamu wana mji wao wa kale. Sisi tukabaki na maporomoko ya maji. Si haba, yanaporomoka vizuri tu.

Tusiinyime kaunti yetu haki yake: imejitahidi. Pale njia panda limesimamishwa bango kubwa, upande mmoja maporomoko, upande wa pili gavana anatabasamu. Mgeni asiyejua atadhani kivutio ni meno. Bango halisemi zimebaki kilomita ngapi, ila nani alizindua mradi limesema, tena kwa herufi nono. Fuata mshale mpaka darajani. Hapo utashuka garini mwenyewe bila kuombwa.

Choo cha wageni kipo. Kina kufuli, na ufunguo uko kwa afisa wa utalii, naye yuko London kwenye maonyesho ya Novemba pamoja na madiwani kadhaa waliokwenda kujifunza namna ya kuwavuta watalii. Kusema kweli watalii wamepatikana. Ndio hao.

Mama muuza mahindi ya kuchoma hajaalikwa kongamano lolote. Yeye ndiye huwaonyesha wageni njia na kuwaonya jiwe lipi linateleza. Karani wa ushuru humfikia kila asubuhi, na hajawahi kuhitaji bango.