Maombi ya Nafasi ya Masomo kwa Mpagazi wa Unyanyembe

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: KUOMBA NAFASI YA MAFUNZO YA UFUNDI, MSIMU WA KIANGAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Unyanyembe, Tabora, mpagazi kwa kazi na marehemu kwa zaidi ya karne moja. Nilipeleka pembe za ndovu Bagamoyo, nikarudi na majora ya merikani na shanga. Uzoefu wangu ni mzigo wa karibu frasila mbili begani, mwendo wa takriban miezi mitatu kufika pwani. Umri wangu usiwatishe. Ninyi wenyewe mmetufundisha kwamba elimu haina mwisho.

Naomba nafasi kwa sababu kazi yangu ilichukuliwa na reli. Mwaka 1912 garimoshi lilifika Tabora, na sisi wapagazi hatukupata hata semina ya siku moja, wala posho yake. Sasa inajengwa reli ya kisasa, kilomita 368 kutoka Makutupora hadi Tabora, na vipande vingine vya kwenda Isaka na Kigoma. Safari hii nataka niwe ndani ya kazi, nachomelea vyuma na kufunga nyaya, si kando ya tuta nikiuza mahindi ya kuchoma.

Kikwazo ni kalenda. Kozi zenu ndefu huanza Januari. Januari hiyo wajukuu zangu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wako kwenye tumbaku hadi magotini, na baada ya hapo watakesha banini wakichochea moto wa kukaushia majani. Wakishauza, katikati ya mwaka, ndipo wanapokuwa na fedha mfukoni na kazi imepungua. Hapo wakija chuoni wanaambiwa warudi Januari.

Enzi zetu, Mheshimiwa, hata matajiri wa misafara walijua hesabu hii. Tulikuwa tunavuna kwanza, tunasafiri kiangazi, tunarudi kulima mvua zikikaribia. Tajiri aliyetaka wapagazi wakati wa kupanda alipandisha ujira au alikaa barazani kungoja. Walikuwa na bunduki, lakini kalenda ilikuwa ya mwenye jembe.

Kuhusu fedha, najua hazikosekani. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Nasi tulikuwa tukilipa tozo tukipita Ugogo, huko huko iliko ofisi yenu, ndipo tukaruhusiwa kwenye visima. Tofauti ni kwamba sisi maji tuliyanywa kabla ya kuondoka.

Napongeza pia ahadi ya chuo cha ufundi cha VETA kila wilaya. Ila kwa majengo, sisi wa Tabora tuna uzoefu. Tembe alilokaa Livingstone pale Kwihara limetunzwa vizuri sana; ni makumbusho, na hakuna anayejifunza kuchomelea humo. Karakana iliyofungwa jioni, wakati mtu mzima ametoka kazini, nayo iko njiani kuwa makumbusho.

Mbona jibu mnalo kabatini? Mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora, kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Uswidi, nchi ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mtu mzima aliingia, akajifunza useremala au ushonaji, akarudi kijijini na ujuzi wake. Vyuo hivyo bado vipo, zaidi ya 50. Virudishieni kazi hiyo: kozi za miezi mitatu, za kiangazi na za jioni, na mahali pa kumwacha mtoto mama anapojifunza.

Na mpango wenu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, nendeni nao mtaani. Fundi wa gereji pale Isevya anashusha injini huku akisimulia mpira. Anachokosa ni karatasi ya kumwonyesha mkandarasi. Mtahini amfuate gerejini, maana fundi akifunga gereji siku nzima kumfuata mtahini, nyumbani hawali.

Nasubiri majibu. Kama ratiba ya Januari kweli haisogezeki, basi naomba msogeze mvua. Najua Mamlaka ya Hali ya Hewa iko chini ya wizara nyingine, lakini kwa kuandikiana barua ninyi hamjashindwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpagazi Mstaafu,
Njia ya Bagamoyo–Ujiji.

Nakala: Mkulima wa tumbaku, Kaliua (asome akitoka banini).