Bahari ya Lita 60: Mwongozo kwa Mpangaji

Kwanza, hongera. Una chumba na sebule Sinza, kochi la watu watatu, meza ya televisheni, na kijinafasi kati ya friji na dirisha ambacho mtu mwingine angewekea mtungi wa gesi. Wewe umeamua kuweka bahari. Umeiona kwenye simu: tangi la kioo la lita 60, matumbawe ya zambarau yanapepea, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na jamaa anayeapa kwamba kwa kuwa tangi ni dogo, kazi ni ndogo. Usimwachie huyo jamaa. Ndiye mwalimu wako wa kwanza na ndiye atakayekufilisi.

Bahari hustahimili mengi kwa sababu ni kubwa. Samaki akifa huko, kaa wanamla na maji hayana habari kama kuna msiba. Katika lita 60, konokono mmoja akifia nyuma ya jiwe Ijumaa, Jumapili unazika ukoo mzima. Kwa hiyo ukitaka kuumia sawasawa, nunua tangi dogo kuliko yote dukani. Ukishaweka mchanga na mawe, maji yenyewe hayatafika hizo lita 60 za kwenye boksi, ila uzito utapita kilo 70, na meza yako ni ya zile mbao za kubandika zinazovimba zikionja tone moja.

Sasa maji. Unaishi Dar es Salaam, bahari hii hapa, ya nini kununua chumvi ya dukani? Beba madumu matatu ya lita 20, panda daladala hadi Ocean Road, chota. Wakati wa kurudi konda atauliza umebeba nini. Mwambie ni maji ya bahari. Atasogea pembeni kidogo, maana anajua wanaoagizwa maji ya bahari huwa wametoka kwa nani. Kasoro ni kwamba ufukwe ule haupo mbali na mahali Mto Msimbazi unapomwaga kila ulichobebeshwa na jiji, na masika yakishika, maji ya pwani yanapungua chumvi. Utakuwa umehamishia sebuleni mtaro wenye mawimbi. Wanaojua huchota mbali na mji, maji yakiwa yamejaa, au hununua chumvi maalumu na kuchanganya takriban gramu 35 kwa lita. Chumvi ya jikoni haifai, kwani haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Maji ya bomba nayo yana klorini, na yakipita kwenye shaba, chembe tu ya shaba hiyo inawamaliza kamba na matumbawe.

Tangi limejaa, pampu inaunguruma, na ndani hakuna kiumbe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa wiki nne hadi sita. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani huigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu vilevile, na bakteria wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo ina nafuu. Unachofuga kwa sasa ni hao bakteria. Hawana rangi, hawachezi, na watoto wa jirani hawatakuja kuwatazama. Katikati ya kungoja huko mchanga utapakaa kahawia, kisha zitaota nyuzi za kijani, na ukiwa na bahati utando mwekundu. Shemeji atashauri umwage maji yote uanze upya. Mkaribishe chai.

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana vinaanza na hita. Wewe Februari shida yako ni kupoza. Matumbawe mengi hupenda nyuzi 24 hadi 27, na sebule iliyofungwa kutwa imeshavuka hapo kabla hujawasha taa. Ndani ya tumbawe mna mwani mdogo sana unaolitengenezea chakula kwa mwanga. Joto likizidi, tumbawe humfukuza mpishi wake, hupauka, kisha hufa njaa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye miamba ya pwani yetu mwaka 1998. Bahari ya Hindi ilichukua miezi kufika hapo. Wewe, kwa dirisha la magharibi, utahitaji mchana mmoja.

Dawa ya maskini ni feni inayopuliza juu ya maji: inashusha nyuzi mbili tatu. Lakini maji yanaruka, chumvi inabaki. Chora mstari kwenye kioo kwa maka peni, na kila asubuhi rudishia kilichopungua kwa maji yasiyo na chumvi. Mwenye haraka hurudishia kwa maji ya chumvi, na baada ya muda anafuga ng'onda anayeogelea. Kagua na nyaya: chumvi hupanda ukingoni ikiwa nyeupe kama unga, ikateremka na waya taratibu hadi kwenye ekstensheni. Uache waya uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuifikia, tone lidondoke sakafuni. Hapa sitanii.

Umeme ukikatika, pampu imekufa, na maji ya moto hayashiki hewa vizuri. Chota kwa jagi, mimina kutoka juu, rudia. Ukikatika saa nane za usiku utafanya hivyo kwa tochi ya simu, na mwenye nyumba akichungulia dirishani atakuongezea kodi kwa woga tu.

Muuza samaki ana sentensi moja: "Huyu hakui bosi, anafuata saizi ya tangi." Anakuonyesha kangaja wa buluu, yule aliyepata jina kwenye filamu ya Finding Nemo, ambaye hufika sentimita 30 na tangi lako lina urefu wa 60. Chukua wale wawili wa chungwa, ondoka. Nao wana mambo yao: wote huzaliwa madume, mkubwa hugeuka jike, na jike akifa, mumewe anapandishwa cheo.

Usithubutu kung'oa matumbawe kwenye visiwa vya Mbudya au Bongoyo. Kule ni hifadhi, na matumbawe ya mawe yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo hayavuki mpaka bila kibali. Waingereza walishatuonyesha mwisho wa mchezo huo. Mwaka 1854 mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake cha kufuga viumbe wa baharini, The Aquarium, na watu wa mjini wakashuka ufukweni na ndoo. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund, aliandika kwamba vidimbwi vya miamba vilikuwa vimekombwa. Nunua kipande kilichopandwa na mfugaji, na usilichemshe jiwe lake ukitaka kulisafisha. Baadhi ya wale ndugu wa matumbawe wa jamii ya Palythoa wana sumu kali, na mvuke wake umeshalaza watu hospitali.

Imebaki safari ya Krismasi. Chakula cha samaki kifunge kwenye vikaratasi, kimoja kwa siku moja, na pakiti yenyewe uifiche, kwa sababu mdogo wako uliyemwachia funguo ana huruma. Usipoificha, utapigiwa simu ukiwa Korogwe: "Kaka, hawa samaki wako wana njaa, wananiangalia tu. Nimewamwagia pakiti yote."