Shemeji Anataka Nyumba Yenye Gati

Mdogo wake mke wangu anaishi Florida, na tabu yangu yote inatokana na kwamba huko hawahesabu bando. Usiku wa manane kwetu Mbale, kwao ndiyo saa ya kutoka kazini. Basi mimi nikiwa nimeupata usingizi kwa mbinde, simu inalia ting! Nafungua jicho moja, naona nyumba nyeupe, nyasi zimekatwa kama kichwa cha kuruti, na uani, mahali ambapo sisi tunaweka jiko na banda la kuku, kuna maji yametulia na boti imefungwa kwenye gati. Chini yake: "Shemeji, nitafutie kama hii Jinja."

Mji anaokaa unaitwa Cape Coral. Una mifereji ya zaidi ya kilomita 640, na haikuchimbwa kumwagilia hata mche mmoja wa nyanya. Waliichimba wauza viwanja, udongo wakauinulia ardhi ya kinamasi, kisha wakauza vipande vingi vikiwa na maji mgongoni. Mtu anatoka jikoni na kandambili, anaingia kwenye boti, anakwenda zake mpaka baharini. Shemeji amekaa huko miaka tisa katika chumba cha kupanga ghorofa ya pili, boti anaziona dirishani, na sasa amekata shauri kwamba atakapostaafu hatakubali kuishi mahali ambapo boti haifiki mlangoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mtu wa mlimani, sijui kuogelea. Maji ninayoyafahamu ni ya bomba, ya mvua na ya kuchemshia chai. Lakini mama watoto alishatoa hukumu: "Ndugu yangu ni mmoja tu, na wewe Jumamosi huna kazi." Ndivyo nilivyopata cheo cha afisa wa kutafuta ufukwe, cheo kisicho na mshahara wala posho ya safari.

Ili ufike Jinja kutoka Mbale unapita barabara ya Tirinyi. Teksi imeandikwa abiria kumi na wanne, sisi tulikuwa kumi na wanane na jogoo. Tukavuka mto Mpologoma, mafunjo kushoto, mafunjo kulia, maji yanameremeta katikati, nikajiambia haya nayo si maji? Kwa nini asijengewe hapa, nami nirudi nyumbani mapema? Iganga wakatuingizia mishikaki na gonja za kuchoma dirishani mpaka jogoo akapata uhai mpya.

Dalali alinipokea amevaa viatu vyeupe. Hilo peke yake lingetosha kunifumbua macho, kwa sababu mtu anayekanyaga fukwe kila siku hawezi kuwa na viatu vyeupe. Akanidai elfu hamsini ya kuonyeshwa, kabla sijaona hata tone. "Mzee," akasema, "wewe sema tu unataka maji ya aina gani." Kama anayeuza soda.

Tulianzia upande wa Masese. Kiwanja kizuri, sikatai. Ziwa Victoria liko pale pale, mitumbwi imelala ubavu, mukene, yaani dagaa, wameanikwa juu ya nyavu, na makaloli wamesimama na makoti yao kama mahakimu wa zamani waliofilisika. Kwenye pembe kulikuwa na choo cha matofali, na ukutani pamejichora mstari wa kahawia unaozunguka pande zote nne. Nikausogelea. Ulinifika kiunoni, na mimi si mfupi.

"Huo ni mstari wa nini?"

"Rangi, mzee. Walianza kupaka, hela ikaisha."

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza mukene akacheka mpaka akajishika mbavu. Akanionyesha kigingi kilichochomoza ndani ya ziwa, hatua kama kumi kutoka ukingoni, mnandi amekikalia anakausha mabawa. "Pale," akasema, "ndipo palipokuwa bafu yangu."

Dalali hakutetereka. "Unaona, mzee? Nguzo ya gati ipo tayari."

Mstari huo ni wa mwaka 2020, na kila aliyekuwa ufukweni anaukumbuka. Mwezi wa Mei ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964. Sentimita moja! Mimi ningeliambia ziwa lirudi nyumbani, limeshinda. Lakini halikurudi upesi. Lilikaa kwenye vyumba vya watu, likalala kwenye vitanda vyao, na lilipoondoka liliacha ule mstari kama mgeni anayetia sahihi kitabuni. Mwezi mmoja kabla yake, kisiwa kizima cha magugu na udongo kilikuwa kimeng'oka, kikaelea mpaka kwenye mitambo ya umeme, na nchi nzima ikaingia gizani. Nilikuwa Mbale usiku ule, natafuta mshumaa, sijui kwamba nimezimiwa taa na shamba la mtu lililoamua kusafiri.

Halafu kuna sheria. Kanuni za mwaka 2000 zinasema mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria ni eneo la kulindwa, si la kuweka sebule. Nikaamua kuzipima kwa hatua, maana darasani nilifundisha hesabu. Nikaanzia majini, nikapita vichanja vya samaki, nikapita uwanja wa mpira watoto wakinishangilia, nikapita misiba miwili ya mahindi yaliyokauka shambani. Hatua ya mia mbili ikanikuta mbele ya kibanda cha chapati. Nikala rolex, chapati iliyokunjiwa yai, nikiwaza. Nyumba halali ya ufukweni hapa ni ile ambayo ziwa unaliona ukipanda juu ya tangi la maji. Nikamwuliza dalali mbona viwanja vyake vyote viko ndani ya zile mia mbili. Akanijibu kwa upole kwamba ziwa ndilo lililosogea, viwanja havijasogea.

Tukavuka daraja jipya kwenda Njeru, akanipeleka chini kidogo, ukingo wa Nile. Hapo nilinyamaza. Mto ni wa kijani kibichi, mpana, mdiria anapiga mbizi na kuibuka na kitu mdomoni, upepo unanuka maji safi. Kwa dakika tano nilimsamehe shemeji picha zake zote.

"Na hapa," akasema dalali, "boti mpaka ziwani."

Nikatazama mto unakotoka. Hata mtu wa mlimani anajua kilichopo huko: ukuta wa zege wenye kimo cha karibu mita 30, bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Ziwa liko juu ya ukuta, sisi tuko chini yake.

"Boti itapandaje?"

Akafikiri. Sitamdhulumu, alifikiri kweli. "Mzee, siku hizi kuna watu wana winchi."

"Na nikiteremka na mto?"

"Unateremka vizuri kabisa."

Unateremka mpaka Bujagali, bwawa la 2012. Ukiibeba boti begani ukalivuka hilo, unateremka mpaka Isimba, la 2019. Nile yetu imefungwa mabwawa kama koti la bwana harusi lilivyofungwa vifungo. Wazee wanasema zamani ulipanda treni Jinja, ukashuka Namasagali, ukaingia kwenye meli na kulikata Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Reli hiyo ni ya 1912. Waingereza nao waliutazama mto huu wakaona heri garimoshi, na huko Kyoga maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya sitini yakazifuata bandari zenyewe.

Kuhusu ardhi, nilidhani nimeelewa mpaka nilipouliza hati. Ng'ambo ile ni Buganda, ardhi ya mailo. Kumbe ninauziwa kibanja: nyumba itakuwa ya shemeji, ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya bwana mwingine anayeishi Kampala, na mita 100 za ukingo wa Nile ziko chini ya zile zile kanuni. Nikamwuliza dalali, sasa shemeji anabaki na nini?

"Mandhari, mzee."

Jua lilikuwa limeanza kulala nilipomkumbusha kwamba mteja aliomba pia mifereji. Akapiga makofi kwa furaha, akanipandisha bodaboda, akanionyesha kwa mbali mfereji ulionyooka, mpana, maji yamejaa mpaka juu, ule unaopeleka maji kwenye mitambo ya umeme ya Kiira. Nakiri ni mfereji, tena ni mzuri kuliko wa Cape Coral. Ila ukiufuata kwa boti, mwisho wake ni turbini. Shemeji angefika nyumbani kwa njia ya nyaya.

Nilirudi Mbale saa nne usiku nikinuka dagaa. Mama watoto akaniuliza nimepata nini, nikamwambia elfu hamsini zimeondoka na viatu vyeupe. Akanitazama, akasema, "Lakini mbona sisi tuna mfereji hapa nyuma?"

Ni kweli tunao. Ni mtaro wa maji machafu unaoelekea mto Nabuyonga, na kiangazi hupita ndani yake mbuzi wawili na chupa za plastiki. Mgeni hawezi kuamini kwamba kitu hicho kina hasira. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mvua ilinyesha huku juu Wanale na milimani, na mito Nabuyonga na Namatala ikaingia mjini pamoja. Watu makumi walikufa. Kulikucha magari yamepandana, matope yamefika madirishani, na akina mama wanatafuta watoto. Juu ya hilo sina utani.

Shemeji alipiga simu asubuhi ile analia, akatuuliza kwa nini tunakaa karibu na maji. Miezi miwili haikuisha, kimbunga Ian kikatua Florida, tarehe 28 Septemba, bahari ikaingia kwenye ile mifereji yao na mifereji ikaingia sebuleni mwa watu. Zamu ikawa yetu kupiga. Alikuwa salama ghorofani, akituonyesha kwa kamera boti iliyolala barabarani ubavuni mwa gari. Nikadhani amepona ugonjwa. Wapi! "Unaona, shemeji," akasema, "yule mwenye boti alikuwa na bima."

Mwezi uliofuata akapata mashine ya boti iliyotumika, ya nguvu za farasi 15, kwa bei ya kutupa. Akaisukumiza kwenye kontena la rafiki yake, kati ya friji na magurudumu. Ikateremshwa Mombasa, ikapita Malaba, ikaletwa kwangu, kwa sababu Jinja bado hatuna nyumba. Mimi ndiye niliyelipa gari la kuileta kutoka mpakani.

Iko sebuleni. Tumeisimamisha kwenye gurudumu kuukuu, pangaboi linatazama televisheni. Mama watoto ameifumia kitambaa cheupe chenye maua ya njano, sare na vya makochi, na kwenye mpini ndipo mjukuu anapotundika sweta la shule. Wageni wakiingia wananusa petroli, wanatazama jiko, kisha wanatazamana. Jirani yangu mwenye kinu cha mahindi ameizunguka mara tatu, akaniuliza kama haiwezi kusaga. Nimemwambia arudi Ijumaa.

Jana usiku, ting! Nimefungua jicho moja. Safari hii si nyumba. Ni boti yenyewe, ya plastiki ngumu, rangi ya bluu, futi 14. "Shemeji, nimeipata. Pa kuiweka papo?"

Asubuhi nimechukua futi kamba nikapima sebule. Ikikaa kwa mshazari inaingia, ila kabati la vyombo litoke.