Sifa za Faili

Kwetu Usukumani ni vigumu kitu kukosa wa kukisifu. Chama cha ngoma cha Wagika huisifu ngoma yao na kuwasema wapinzani wao Wagalu, Wagalu hujibu mapigo, na hakuna aliye hai anayekumbuka mashindano hayo yalipoanza. Ng'ombe mwenye pembe nzuri ana nyimbo zake. Pamba ina nyimbo, hata miaka ambayo bei yake haistahili wimbo. Chaki nayo ilipanda jukwaani tangu vijana wa Maswa walipoanza kuitengeneza na viongozi kuishika mkononi mbele ya kamera. Lakini yuko kiumbe mmoja hapa Bariadi mjini, mkazi wa juu ya makabati na chini ya meza, ambaye hajaimbiwa hata ubeti mmoja. Ni faili la mtu anayeomba leseni ya kulelea watoto wadogo mchana nyumbani kwake. Naomba uwanja, nilichezee.

Ngoma ya sifa huanza na ukoo. Faili hili si la jana. Zama za vijiji vya ujamaa chekechea ilikuwa kivuli cha mwembe, mama mmoja aliyeaminiwa na kijiji, na sufuria ya uji. Mwaka 1981 Bunge likatunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, na kivuli cha mwembe kikaanza kuhitaji barua. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto, Na. 21, ikazikusanya sheria kadhaa zilizokuwa zimetawanyika, ikaifuta ile ya 1981 na kuirithi kazi yake. Mwaka 2022 wizara ikagawanywa, ustawi wa jamii ukatoka upande wa afya ukaenda Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Faili likahama wizara bila kuhama kabati. Na kwa kuwa Mkoa wa Simiyu wenyewe ulimegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza mwaka 2012, faili ni kaka yetu mkubwa. Wilaya zote tano, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, zinapaswa kuliamkia.

Tena limepangiwa kusimama mahali ambapo hakuna mwingine aliyetaka kusimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Elimu ya awali nayo humpokea mtoto akifika miaka mitano. Kuanzia siku ya 85 hadi miaka mitano serikali humkuta mtoto kliniki tu, anapopimwa uzito na kuchanjwa. Saa zilizobaki ni zake na Mungu wake, na za yeyote atakayekubali kubaki naye. Hapo nimemzungumzia nesi na karani wa benki. Mama wa pamba wa kule Nkololo hana hata hizo 84. Akijifungua Novemba, mvua ya kupandia haimsubiri, na mtoto anaingia shambani mgongoni kabla hajajua kukaza shingo.

Sasa tuseme yuko mama mmoja hapa mjini, wa makamo, mwenye sebule pana na mwarobaini uani. Majirani wanaokwenda sokoni alfajiri wamezoea kumwachia watoto. Walianza wawili, wakawa watano, siku hizi hata yeye akihesabu huanza upya. Asubuhi wanakunywa uji, saa nne wanatafuna matobolwa, mchana wanalala kwenye mkeka wakiwa wamepangwa kwa urefu. Malipo ni elfu mbili hapa, kilo ya dagaa pale, na kwa wengine ni "mama, nitakuona mwisho wa mwezi". Siku moja mtu mwenye nia njema anamwambia, "Mama, hiki ni kituo. Kinataka leseni." Naye, kwa kuwa ni mtu wa kuogopa Mungu na serikali, anajifunga khanga na kwenda kuuliza.

Tazama basi faili linavyomtukuza.

Kwanza linamrudisha katika jamii yake. Mtu anaweza kuishi mtaa mmoja miaka mingi akimjua mtendaji kwa sauti tu. Faili litamfundisha jina la mtendaji kamili, jina la mwenyekiti, siku zao za vikao, na misiba yote inayowafanya wasiwepo ofisini. Atamjua bwana afya. Atawajua Zimamoto, ambao kabla ya hapo alizijua tarakimu zao tu, 114, zilizoandikwa ubavuni mwa gari. Mwanasiasa anayetafuta kura hazunguki hivyo.

Pili, linakuza uchumi. Wako vijana wanaolisha familia kwa mashine ya fotokopi iliyowekwa hatua chache kutoka mlango wa ofisi ya umma, na ni faili linalowalisha. Kitambulisho cha NIDA cha mama yetu kimetolewa nakala mara nyingi, na nakala zikatolewa nakala, mpaka uso wake umebaki kivuli chenye masikio. Kuna picha za pasipoti, kuna TIN, kuna bodaboda ya kwenda na bodaboda ya kurudi kufuata kiambatisho kilichosahauliwa kwenye kabati la vyombo. Kituo hakijaingiza shilingi, lakini tayari kimeajiri nusu ya mtaa.

Tatu, na hapa nitakaa kidogo, linafundisha hesabu za maumbo. Faili linataka ramani ya jengo. Nyumba ya mama haikujengwa kwa ramani. Fundi alikuja, akapiga hatua mchangani, akachora kwa kijiti, mvua ikafuta mchoro, nyumba ikasimama. Sasa nyumba iliyokwishasimama inatakiwa irudi kuwa mchoro. Kijana wake wa kidato cha tatu anashika futi kamba, mdogo wake anashika ncha nyingine, wanapima sebule mara mbili na kupata majibu mawili. Chumba ambacho mama amelala humo miaka yote akiamini ni mraba kinaonekana kina pembe nne zisizoelewana. Ukuta wa jikoni umeingia kwa jirani kwa unene wa tofali moja, jambo ambalo familia zote mbili zilikuwa zimejaliwa kutolijua. Ndani ya juma moja mama amejifunza mzingo, eneo na sheria ya mipaka, bila ada.

Nne, subira. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa kifupi PJT-MMMAM, kifupi ambacho mtoto wa miezi sita hukitamka vizuri kuliko waziri. Programu yenyewe ni njema, inamwangalia mtoto tangu tumboni hadi miaka minane, na inasimama juu ya nguzo tano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio maana yake mtoto akilia, mtu mzima aitike. Watungaji kwa busara zao hawakulitia faili katika nguzo hiyo. Faili huliliwa, lakini haliitiki upesi. Mwombaji huambiwa tu linashughulikiwa, na aliyeambiwa hivyo huondoka ametulia kwa sababu hana la kufanya.

Wala nisisikike kana kwamba namnyooshea kidole afisa ustawi. Meza yake ina ndoa zilizovunjika, baba waliokimbia matunzo, watoto waliookotwa stendi, wazee waliotelekezwa, kesi za mahakamani, na gari la idara ambalo leo limekwenda na mwingine. Faili la mama lipo katikati ya mlima huo. Halijapotea. Halijafikiwa.

Sifa kubwa kuliko zote nimeiweka hapa kwa makusudi, maana mcheza ngoma hamalizi nguvu mwanzoni. Faili ni lenye heshima. Haliendi kwa mtu lisikoitwa. Mama aliyejipeleka mwenyewe ataulizwa upana wa dirisha, urefu wa uzio, cheti cha mlezi na mahali pa kunawia mikono. Lakini yule jirani wa mtaa wa tatu anayewafungia watoto chumba kimoja, akaweka redio kwa sauti ya juu na kwenda kuuza nyanya, hataulizwa kitu, kwa sababu hakuomba kitu. Mtoto anayeshinda chini ya meza ya mitumba hana faili. Aliyelazwa mwisho wa matuta ya pamba, juu ya gunia, wakati mama yake anapita na bomba la dawa mgongoni, hana faili. Dada wa miaka tisa aliyebakizwa nyumbani na mdogo wake, huku wenzake wakiitwa majina darasani, anaendesha kituo kamili cha kulea watoto bila leseni, bila ramani, bila mtungi wa kuzimia moto, na hakuna mkaguzi atakayebisha hodi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 katika mkoa wetu, na karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba akawahesabu hawa wote. Faili halina tabia hiyo ya kuingia nyumba za watu. Linamngoja anayekuja kwa miguu yake mwenyewe, kisha humshika huyo huyo.

Nimeahidi sifa, basi nitoe na moja isiyo na mzaha ndani yake. Ni choo. Faili linauliza watoto watajisaidia wapi, na ni swali ambalo mama yetu, pamoja na upendo wake wote, hakuwahi kujiuliza. Tundu la choo cha shimo lilikatwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu anayetanua miguu juu yake gizani anaweza kuliwa na shimo hilo, na wazee wanaolijua hili huwa hawapendi kulisimulia. Bwana afya alipomwonyesha, mama alinyamaza, na jioni ile ile fundi akaitwa kutengeneza tundu dogo lenye mfuniko. Vivyo hivyo chupa ya soda iliyokuwa juu ya rafu, yenye mabaki ya dawa ya pamba ya msimu uliopita. Leseni ilikuwa haijatoka, lakini chupa ilitoka siku hiyo. Ningependa swali la choo na la chupa yafike mitaa yote, hata kwa wasio na ramani. Shida ni kwamba faili huanza na ramani.

Mtungi wa kuzimia moto ulinunuliwa kwa fedha ya upatu na kutundikwa sebuleni, mwekundu, mzito. Watoto waliuogopa siku mbili, ya tatu mmoja wao akauamkia.

Hata faili lina siku zake, na siku ya ukaguzi ikafika. Afisa ni kijana, kaja kwa bodaboda, daftari kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, angalia usimkanyage huyo aliyelala mlangoni."

Akahesabu madirisha. Akafungua mfuniko wa tundu jipya, akaufunga, akaandika. Akasoma tarehe kwenye mtungi. Akauliza kuhusu maji, mama akamwonyesha ndoo yenye koki. Akauliza kuhusu chakula, akaletewa kikombe cha uji na kukimaliza, kwa ajili ya ukaguzi. Mtoto mmoja wa miaka miwili alimshika suruali na kukataa kuachia, kwa hiyo nusu ya pili ya fomu ilijazwa kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kiunoni, akivuta kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa serikali.

Alipomaliza alifunga kalamu, asiondoke. Alisimama akiwatazama waliolala mkekani, mrefu hadi mfupi. Kisha akashusha sauti.

"Mama, mke wangu anarudi kazini Jumatatu. Siku zake 84 zimekwisha. Nafasi moja haiwezi kupatikana?"

"Leseni bado haijatoka, baba."

"Najua, mama. Faili liko mezani kwangu."

Mama akamwambia alete kadi ya kliniki ya mtoto, picha mbili za pasipoti, na barua kutoka kwa mtendaji wa mtaa anakoishi.